Kipepeo ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke: pesa yako inafika kwa wenyewe

Kwa anayeuliza aende wapi akifika huku Malindi, nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asome aende zake: nendeni Gede, ingieni pale Kipepeo, ule mradi wa wakulima wanaofuga vipepeo, nunueni asali, halafu chukueni mwongozaji wa pale pale muingie naye msitu wa Arabuko-Sokoke. Mi nawapa nyota tano, na nyota zangu sizimwagi ovyo, wanaonijua watawaambia. Na sababu si zile za kila siku, pazuri, pasafi, wahudumu wachangamfu (ingawa yote hayo ni kweli), sababu yangu kubwa ni kwamba pesa utakayoacha pale inaenda kwa watu wanaolima na kulala ukingoni mwa ule msitu, na hao ndo watakaoamua kama msitu utakuwepo au hautakuwepo, sio mimi niliyekaa Malindi mjini, sio mtalii, wala sio ofisi ya Nairobi.

Kwa mgeni wa huku, ukitoka Malindi kushika njia ya Mombasa, kama kilomita 15 hivi unafika Gede, ukikata kushoto unaenda Watamu, ukinyoosha mbele mkono wako wa kulia unaanza kuona miti imefungana inakusindikiza kilomita baada ya kilomita. Huo ndo Arabuko-Sokoke. Una karibu kilomita mraba 420, na ndo kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha misitu ya asili ya pwani ya Afrika Mashariki. Sisi wenyeji tunapita pale na matatu kila wiki, wengi tumelala, tunashtukia tumefika Kilifi.

Kipepeo yenyewe iko pale kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede, ule uliohamwa kama miaka mia nne iliyopita na mwaka 2024 ukaingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Magofu nayo yatazameni, msikiti mkuu na jumba la mfalme na visima, lakini leo sizungumzii magofu.

Mradi ulianza 1993, aliyeuanzisha ni mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na ili uelewe kwa nini naupenda hivi lazima ujue hali ilivyokuwa wakati ule. Watu wa vijiji vinavyozunguka msitu walikuwa wameuchoka. Usiku tembo wanatoka wanamaliza mahindi, mchana nyani wanamalizia mihogo, ukiingia kutafuta kuni au mboga unashikwa, msitu ni wa serikali tangu mkoloni autangaze wake 1932, na wewe uliyezaliwa pale na babu zako walioutumia kabla yako huna lako. Walipoulizwa miaka hiyo ya tisini, zaidi ya nusu ya wakulima walisema heri ukatwe wote watu wagawiwe mashamba. Na mi siwalaumu hata chembe. Mkono mtupu haulambwi, na huu ulikuwa mtupu kweli kweli, tena ulikuwa unachukua badala ya kutoa. Mtu ameamka shamba limelala chini, kesho yake anakuja bwana na gari anamhubiria umuhimu wa ndege fulani, kwani huyo ndege atalipa karo?

Sasa Kipepeo haikuja na mahubiri, ilikuja na biashara. Kule Ulaya na Marekani kuna nyumba za vioo ambazo watu wanalipa tiketi kuingia kuona vipepeo wa nchi za joto wakiruka, na vipepeo hawaishi muda mrefu, kwa hivo zile nyumba lazima ziletewe wapya kila mara. Wanaletwa wakiwa pupa, yaani kile kipindi kiwavi ashajifunga ndani ya ganda anasubiri kutoka na mbawa. Na vipepeo wanaotakikana wako wapi? Wako Arabuko-Sokoke! Ndo mkulima wa Gede, wa Mida, wa vijiji vya ukingoni kote huko akafundishwa kufuga.

Kazi yenyewe nilielezwa na mama mmoja mkulima, mtu mzima anayeijua kazi yake kuliko daktari, na nimeipenda sana jinsi inavyokwenda. Mkulima anashika kipepeo jike wachache tu, wengine wananaswa kwa neti, wale wakubwa wanaopenda matunda wanategewa ndizi zilizochacha. Jike anawekwa kwenye kibanda cha neti pamoja na mmea ambao watoto wake wanakula, manake kila aina ina mmea wake, huyu wa ndimu na michungwa, yule mti fulani wa msituni tu, mwengine hataki kabisa kitu kingine atakufa njaa kuliko kula jani lisilo lake. Anataga. Mayai yanaanguliwa, viwavi wanahamishiwa kwenye matawi yaliyovishwa mfuko wa neti ili siafu, buibui na ndege wasiwafikie, na hapo mkulima ana kazi ya kubadilisha majani na kusafisha kila siku, viwavi wanakula usiku na mchana. Wakishageuka pupa anawachuma taratibu, anawapeleka Gede, pale wanakaguliwa, aliyeoza au mwenye doa anarudishwa, wazuri wanahesabiwa na kulipiwa, halafu wanafungwa kwenye pamba na kuwahishwa ndege. Kuwahishwa kweli, kwa sababu pupa hangoji mtu, siku zikitimia anatoka hata kama bado yuko kwenye boksi eapoti.

Na hapa ndo penye siri ya mambo yote. Ili huyu mama aendelee kupata majike na kupata ile miche ya kulishia, msitu lazima uwe umesimama. Msitu ukikatwa biashara yake imekufa. Hakuna aliyemwambia alinde, amejiona mwenyewe ana hisa mle ndani. Mi sijaona mahubiri yoyote ya mazingira yanayofanya kazi nzuri kama hiyo. Na usidhani kushika wale majike kunamaliza vipepeo msituni, jike mmoja anatoa mayai mengi, na kule porini sehemu kubwa ya viwavi huliwa kabla hata hawajakua, kwenye neti wanapona.

Tukija kwenye huduma sasa. Kuna nyumba ya vipepeo ambayo ni neti kubwa unaingia ndani unatembea kati yao, si kioo, si picha, wanapita mbele ya uso wako na wengine wanatua kwenye nguo, hasa ukivaa rangi ya kung'aa. Nilienda na wanawe dadangu waliokuja kutoka Mombasa likizo, watoto wa simu hawa, wakazisahau simu. Mhudumu aliwaonyesha Papilio dardanus ambaye dume lake lina mikia na rangi ya krimu, lakini jike lake halifanani nalo hata kidogo, limejivika rangi za kipepeo mwengine mwenye sumu ili ndege walione walikimbie. Mkubwa wao akauliza maswali mpaka nikaona haya lakini yule mhudumu alimjibu moja moja kwa Kiswahili kizuri bila kumkatiza, na hilo nalitilia mkazo kwa sababu sehemu nyingi za utalii huku kwetu mwenyeji akiuliza anajibiwa nusu, maelezo mazuri yanawekewa mzungu. Pale sivyo.

Mpangilio wa saa ni muhimu. Vipepeo wanataka jua. Ukienda saa kumi na mbili asubuhi au siku ya mawingu mazito utakuta wamekunja mbawa chini ya majani, utalalamika bure. Kuanzia saa tatu na nusu mpaka saa sita ndo wanaruka vizuri. Na asubuhi asubuhi ukibahatika utaona pupa akipasuka, kipepeo anatoka na mbawa zimekunjamana zina maji maji, ananing'inia, zinajaa taratibu mpaka zinanyooka. Hiyo peke yake inatosha kiingilio.

Duka ni dogo, lina asali, lina vitambaa vya hariri ya nondo wa mwituni, na vitu vya mkono. Asali ndo inayonirudisha kila mara. Ni nzito, rangi ya kahawia iliyoiva, ina ladha fulani ya ukali mwishoni, ukiionja unajua nyuki wamekula maua ya msitu sio sukari guru. Bei ni juu kidogo kuliko zile chupa zinazouzwa barabarani, na mtu atasema mbona ghali. Mi nshanunua asali za barabarani, muuzaji mmoja simjui hata jina aliniuzia chupa ambayo baada ya wiki chini kuna sukari imeganda juu kuna maji, na kuganda si kosa maana asali safi nayo huganda, lakini ile ilikuwa maji ya sukari mtu asidanganywe. Ya Kipepeo inatoka kwenye mizinga ya wakulima wale wale wa ukingoni, na mfugaji nyuki hachomi msitu, akichoma nyuki wake wanaenda wapi? Kwa mtu mwenye mgonjwa wa kifua nyumbani au anayependa kuwekea chai ya tangawizi, chukua chupa kubwa usirudi rudi.

Hariri ni ghali, niseme ukweli, lakini imefumwa kwa mkono na haifanani na ile ya madukani, ni kavu kidogo ukiishika na ina rangi yake ya asili. Zawadi ya bibi harusi, sio ya kuvaa sokoni.

Haya, msitu. Wengi wanaishia kwenye vipepeo wanarudi Malindi na hapo wamekosa nusu ya mambo. Kituo cha msitu cha Gede kiko mbele kidogo ya njia panda kuelekea Mombasa, pale unalipa kiingilio na unapata mwongozaji wa chama cha waongozaji wa Arabuko-Sokoke, vijana na watu wazima wa vijiji vya hapo hapo, wengine kazi hii wameifanya tangu wakiwa wadogo. Chukueni mwongozaji, msiseme mnajua njia. Kwanza mle ndani kuna tembo, hilo si jambo la mzaha, pili bila yeye utaona majani tu.

Na yeye ndo atakayekufungua macho. Wa kwetu alianza kutuonyesha udongo, ati tuangalie tunachokanyaga, nikashangaa udongo una nini. Kumbe huo msitu ni mitatu ndani ya mmoja. Upande wa bahari kwenye mchanga wa kijivu wenye maji kuna msitu mchanganyiko, huko ndo utakutana na mbambakofi, ule ule wa milango ya nakshi ya kina babu, na msandarusi wenye utomvu uliokuwa ukisafirishwa na majahazi zamani. Ukisonga ndani mchanga unakuwa mweupe, hapo ni mirihi mitupu, miti imeachana, mwanga unaingia, unaona mbali. Ukizidi kwenda upande wa Jilore udongo unakuwa mwekundu na miti inakuwa mifupi, imesongamana, giza mchana, mpaka nguo zinakwaruzwa. Na kila msitu una wanyama wake na ndege wake. Kwenye ule wa udongo mwekundu anaishi bundi mdogo kabisa, kama sentimita 16 tu, wataalamu walimtambua 1965, na duniani kote anajulikana sehemu chache tu, hapa na kwenye misitu ya chini ya Usambara kule Tanzania zikiwemo. Mwongozaji alimpata amekaa kwenye kijiti na mkewe, wamebanana, rangi ya majani makavu, mi nilikuwa namtazama na bado simuoni mpaka nikaelekezwa tawi kwa tawi.

Halafu sengi, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayochezacheza na makalio ya manjano, mwenye kuishi na mke mmoja maisha yake yote. Wengi wao duniani wako kwenye huu msitu. Anajenga kiota cha majani makavu chini na ukimkaribia anachomoka mbio. Huyu huwa anategwa kwa kitoweo, na mwongozaji wetu alitueleza hilo wazi bila kumtukana anayetega, alisema ni njaa, na kwamba wao waongozaji kila wakipita wanang'oa mitego wanayoikuta. Nilimheshimu sana kwa namna alivyosema. Yeye mwenyewe watoto wake wanasoma kwa pesa za watu wanaokuja kutazama huyo sengi akiwa hai.

Sasa lazima niseme kitu kinachonikera kuhusu namna watu wanavyofika pale. Kuna ajenti hapa Malindi, simtaji, alichukua wageni wetu wa familia kuwapeleka "safari ya msituni", akawatoza pesa mara kadhaa ya ile ya langoni, akawapeleka na dereva wake ndo akawa mwongozaji, akawatembeza barabara kubwa ya gari saa sita ya mchana jua kali, hawakuona hata mjusi, wakarudi wakisema Arabuko hamna kitu. Mtu wa Gede hakupata hata shilingi. Ndo maana nasisitiza, nendeni wenyewe, lipeni pale langoni, ombeni risiti, mwongozaji mlipeni mkononi au kwa M-Pesa yake. Matatu za kwenda Watamu na za Mombasa zote zinapita Gede, kuanzia pale boda boda au miguu. Safari haihitaji ajenti kabisa.

Hori ya Mida nayo niitaje haraka kwa sababu ni hapo karibu. Kuna daraja la mbao la kuning'inia linalopita juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazama ndege, na kiingilio chake kinasaidia kulipia karo za sekondari kwa watoto wanaotoka familia za ukingo wa msitu, mpango ulioanzishwa 2001 na shirika la mazingira la A Rocha Kenya. Yaani unatembea juu ya mikoko, unaona jua likizama na ndege waliotoka Ulaya na Urusi wakitafuta chakula topeni, na mtoto wa mtu anaingia kidato cha pili. Nendeni maji yakianza kujaa, ndege wanasogea karibu.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini najishughulisha na kamsitu haka wakati dunia inalia na Amazon. Mi nalia na Amazon pia. Lakini tazama picha za setilaiti za Brazili pale Mato Grosso, eneo la Xingu walilotengewa wenyeji wa asili tangu 1961 linaonekana kijani kibichi, na kulizunguka pande zote ni mashamba ya soya na malisho ya ng'ombe. Wenyeji wakiwa na haki yao kwenye ardhi, msitu unabaki. Hapa kwetu Kenya Waogiek wa Mau walifukuzwa mara ngapi kwa jina la kulinda msitu, mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema 2017 kwamba serikali ilikosea, na 2022 ikaamuru walipwe fidia. Na Arabuko-Sokoke kuna Wawaatha, watu walioishi kwa kuwinda na kurina asali kabla ya yeyote kuandika ramani, leo ukiuliza mjini wengi hawajui hata kama wapo. Kaskazini kwa ndugu zetu wa Lamu kuna Waboni na msitu wao, na tangu operesheni ya usalama ya 2015 kuingia kurina asali kumekuwa shida kwao. Ukifikiria hivo unaona kwamba swali la nani anapata faida ya msitu si swali la hisani, ni swali la haki.

Na Wagiriama na Mijikenda wote hawakufundishwa kulinda msitu na mtu wa nje. Makaya, ile misitu yao mitakatifu, yamelindwa na wazee karne kwa karne, mti haukatwi, mzigo wa kuni hautoki, ukikosea unatozwa, na 2008 UNESCO wakayatambua kuwa urithi wa dunia. Kwa hivo mtu akija kuniambia "tuwaelimishe wenyeji" huwa namuuliza kwanza yeye anajua nini ambacho mzee wa kaya hajui. Kilichokosekana ukingoni mwa Arabuko si elimu, ni sheria iliyowaweka wenyeji nje. Tangu sheria ya misitu ya 2005 watu wanaweza kuunda vyama vya jamii vya misitu na kukaa meza moja na Huduma ya Misitu, na huku wanavyo, Gede, Sokoke na Jilore. Bado maamuzi makubwa yanatoka juu, lakini 2015 kampuni ya mafuta ilipotaka kupitisha vipimo vyake ndani ya msitu, wenyeji walisimama na watu wa mazingira wakapinga, na mashine hazikuingia. Watu ambao kabla walitaka ukatwe! Hiyo ndo rivyu kubwa kuliko yangu.

Mambo ya kuangalia yapo, sitaki mtu aende akidhani pale ni peponi. Pesa ya vipepeo si nyingi na haifiki kila nyumba, msitu umezungukwa na watu wengi na vijiji vinakua. Soko liko ng'ambo, mwaka 2020 ndege zilipokaa chini kwa korona mkulima alibaki na pupa zake mkononi. Ndo maana mi naona mteja wa hapa ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, manake asali inanunuliwa Malindi bila kupanda ndege, na kiingilio cha darasa la watoto wa shule ya Kisumu Ndogo au Shela hapa hapa Malindi hakihitaji viza. Walimu wakuu, badala ya kupeleka watoto ufukweni kila mwaka, hebu wapelekeni Gede.

Na sisi wa mjini tunaupunguza msitu tukiwa jikoni. Gunia la makaa linalosimama kwenye mlango wako limetoka wapi? Mengi yanatoka Dakatcha, huko Magarini, msitu ambao hauna ulinzi kama wa Arabuko na ndo wenye yule kwera wa Clarke, ndege asiye kwengine popote duniani ila misitu hii miwili, kiota chake chenyewe kilionekana mara ya kwanza 2013 huko huko Dakatcha. Watu wa kule walipigana mpaka mpango wa shamba la jatropha, mmea wa kukamuliwa mafuta, la hekta 50,000 ukasimama, halafu sisi tunauchoma gunia kwa gunia. Na wanunuzi wa vinyago, ukiambiwa ni muhuhu kiache, huo ndo mti uliokatwa sana Arabuko kwa ajili ya kuchonga. Ulizia cha mwarobaini, kinachongwa vizuri tu na miarobaini tunayo hadi uani.

Kwa atakayeenda wiki hii: viatu vya kufunika, sio malapa, kwenye mchanga mweupe kuna miiba. Suruali ndefu au gauni refu, maji ya kutosha, dawa ya mbu, hasa kama mvua imenyesha karibuni. Ndege na bundi ni alfajiri, kwa hivo anzeni na msitu saa kumi na mbili na nusu, mkitoka saa tatu mnaingia kwa vipepeo jua likiwa limeshawaka, mchana mnakula Gede sokoni. Mwongozaji mpigieni siku moja kabla ikiwa mnataka kumuona bundi, anahitaji kwenda kumtafuta alipolala kabla nyinyi hamjafika.